Kona ya Spana: Mzee, ile MGB uliinunuaje?

Toleo lililopita nilitaja kwa kupita tu kwamba enzi za ujana wangu niliwahi kuwa na MGB, ile gari ndogo ya spoti ya Kiingereza, basi meseji zimemiminika. Wengine wanataka stori, wengine wanataka ushauri maana wameona tangazo mahali, na kuna mzee mwenzangu mmoja kaja kunisuta kabisa. Maswali yanayofanana nimeyaunganisha. Majibu mengine ni marefu na mengine ni ya mistari miwili, mshanizoea.

SWALI: Shikamoo mzee. Uligusia MGB halafu ukapita zako. Tunaomba stori yote, uliinunuaje, ulijuaje kama ni nzima na ilikuwaje kuiendesha mara ya kwanza? Mimi sijawahi hata kukaa kwenye gari ya kabureta. — Kijana wa Gia Tano

Marahaba kijana. MGB ilikuwa na gia nne tu, ya tano haipo, ila kama una bahati unakuta ina ovadraivu na nitafika huko.

Kwanza elewa hali ilivyokuwa. Leo ukisema una MGB ya 1969 watu wanakusogelea na simu wapige picha, lakini mwanzoni mwa miaka ya themanini ile ilikuwa gari kuukuu tu, mkono wa tatu au wa nne, imechoka, kiwanda chenyewe kule Abingdon, Uingereza, kilishafungwa 1980, na aliyekuwa anaiuza alikuwa anaiuza kwa sababu mke kajifungua na viti ni viwili. Hakuna aliyekuwa anaongelea uwekezaji wala karatasi za kiwandani. Sisi tulikuwa vijana tunataka gari inayofunguka paa, na hizo ndo zilikuwa zinashikika kwa mfuko wa kijana, maana tangu 1962 mpaka 1980 zilitengenezwa zaidi ya laki tano ukijumlisha na zile za GT zenye paa la bati, kwa hiyo used zilikuwa zimejaa, ukikosa hii unapata ile.

Nilienda kuiona na rafiki yangu ambaye ni fundi. Mimi macho yote yalikuwa kwenye rimu za spoku na ule usukani mkubwa mwembamba, nilishaanza kujiona barabarani. Yeye rangi hakuiangalia kabisa. Alitoa sumaku ndogo mfukoni, kaifunga kitambaa isichubue, akachuchumaa akaanza kuipitisha taratibu chini ya milango, kwenye kona za madigadi, nyuma ya matairi. Inashika, inashika, inashika, halafu pale nyuma ya tairi la mbele upande wa dereva ikadondoka chini. Puti hiyo, ile ya kuzibia mashimo ya bati. Akagonga na kucha, pale palipokuwa na bati palikuwa panalia ting, hapa panalia du du du. Muuzaji ghafla akaanza kutusifia redio.

Halafu jamaa akaomba jeki. Akafungua mlango wa dereva akaufunga, akaangalia ule mwanya wa nyuma ya mlango kama uko sawa juu na chini, kisha akaweka jeki pale pa kuwekea, akainyanyua gari kidogo tu, akafungua na kufunga tena. Hii kitu watu wengi hawaijui lakini kwa gari ya wazi ndo mtihani wenyewe. MGB haina chasisi ya kusimama peke yake, bodi ndo chasisi, na kwa sababu juu hakuna paa la kuisaidia basi mzigo unabebwa na yale maboksi ya bati yaliyoko chini ya milango pamoja na lile handaki la katikati inakopita giaboksi. Yakioza ndani, hata kama nje yamepakwa rangi yanang'aa, ukinyanyua jeki utaona ule mwanya unabadilika na mlango unagoma kufunga, na wakati mwingine jeki yenyewe inazama ndani ya bati unasikia krrr. Yetu mlango ulifunga vilevile kama mwanzo. Fundi akanikonyeza. Kile kidonda cha nyuma ya tairi ni cha matope, yanajikusanya pale ndani ya madigadi na maji yake, karibu kila MGB iliyotembea inacho, unakata unachomelea bati jipya mambo yanaisha.

Sasa kuiwasha. Hapa ndo wewe mtoto wa injeksheni utashangaa. Ukizungusha ufunguo hatua ya kwanza, kabla ya kustata, unasikia huko nyuma tik tik tik tik tik, halafu inapunguza, halafu kimya. Hiyo ni pampu ya mafuta ya SU, ya umeme, imekaa nyuma karibu na betri, ikinyamaza ujue kabureta, zile za kuchanganya petroli na hewa, zimejaa. Isipolia kabisa ni platini zake, zile za kuunganisha na kukata umeme, zimeganda, unashuka na kitu chochote kigumu unaigonga mgongoni, inaamka. Ile siku haikulia. Yule muuzaji akashuka bila hata aibu, akaingia uvunguni, akapiga mara moja, tik tik tik, akarudi anajifuta mikono kana kwamba ni hatua ya kawaida ya kuwasha gari. Na kwake ilikuwa kawaida kweli.

Unavuta choki, unastata, inakohoa halafu inashika. Injini ni cc 1798, nguvu za farasi zinazotajwa ni 95, yaani leo gari ya kupelekea watoto shule inaipita. Lakini umekaa chini kabisa, boneti iko mbele yako ndefu, ekzosi inanguruma chini ya makalio, upepo unakupiga, spidi ya 80 unaona kama umevunja sheria zote. Usukani hauna pawa, unasikia kila jiwe. Breki unakanyaga kweli siyo kugusa. Nilirudi nimelowa jasho na sikuwa na neno la kumwambia muuzaji, fundi ndo aliyeongea.

Na aliongea vizuri maana aligundua ovadraivu haifanyi kazi. Ile ni kama gia ya ziada, ya kampuni ya Laycock, imefungwa nyuma ya giaboksi, ukiwa gia ya nne unapiga swichi ndogo unasikia injini inashusha pumzi bila kukanyaga klachi, ndo gari inatembea safari ndefu bila kupiga kelele. Muuzaji akasema imekufa, tukapunguziwa kama imekufa. Fundi wangu alikuwa ameshahisi kwamba ni umeme, maana hizi mara nyingi zinalala kwa sababu ya waya au ile swichi iliyoko kwenye giaboksi, siyo chuma cha ndani. Ilikuwa waya.

Nikisimulia hii stori watu wanataka ile sehemu ya upepo na ekzosi, na mimi naipenda pia, lakini kilichofanya nikae na ile gari miaka ni yule jamaa aliyechuchumaa na sumaku. Bila yule ningenunua redio.

SWALI: Mzee, kwa hiyo nikienda kuangalia gari ya spoti ya zamani nikiwa na sumaku tu inatosha? (wasomaji kadhaa)

Haitoshi na inaweza kukuaibisha. MGB za miaka ya mwanzo boneti yake ni ya alumini, utaweka sumaku itadondoka, utamwambia mwenye gari boneti nzima ni puti na yeye atacheka mpaka kesho. Corvette tangu 1953 bodi ni faiba, sumaku iache nyumbani. Lotus Elan ya miaka ya sitini hivyohivyo, bodi faiba haiozi milele, ila ndani kuna chasisi ya chuma kama uti wa mgongo, na hiyo inaoza kimyakimya huku juu kunameremeta, kwa hiyo kwenye Elan kazi yako yote iko uvunguni.

Kingine mnachodanganywa nacho ni bati la juujuu. Yale maboksi ya chini ya milango niliyosema yana tabaka zaidi ya moja, kuna bati la nje, la ndani na la katikati, na lile la nje linaendelea mbele mpaka chini ya madigadi. Kulibadilisha kihalali inabidi uguse mpaka ile madigadi. Fundi wa njia ya mkato anachomelea bati jipya juu ya lililooza, anapiga rangi nyeusi nzito, imeisha hiyo. Ukiona pale chini panaonekana pamenenepa, au ile alama ya mshono imepotea, au tundu za kutolea maji hazipo, jua umeuziwa kifuniko. Nyanyua na kapeti. Muuzaji akisema kapeti imegundishwa haitoki, wewe shukuru, aga, ondoka.

Watu wanahangaika na injini. Injini ya MGB ilifungwa kwenye magari mengi tu ya kawaida ya kampuni ileile, fundi yeyote mwenye subira anaifungua na vipuri mpaka leo vinapatikana. Moshi wa bluu, oili kuvuja nyuma kidogo, hayo ni mazungumzo ya bei. Injini ikishapata moto, kwenye mwendo, geji ya presha ya oili isome kama 50 hivi kwenda juu, ikishuka sana ukiwa sailensa, yaani gari imesimama inawaka tu, usishtuke ila ikigusa sifuri shtuka. Bodi iliyooza ndo inayomfilisi mtu, maana unalipia kukata, kuchomelea, kunyoosha, kupiga rangi, na ukimaliza hapo hujagusa injini bado.

Rimu za spoku nazo: mwambie mtu akanyage breki, wewe shika tairi lisukume mbele na nyuma. Likicheza na kutoa kelele ya ko ko, yale meno ya ndani ya habu yamelika. Siyo kitu cha kupuuza, hicho ndo kinachozungusha tairi.

SWALI: Shikamoo mzee wetu. Baba alinunua Datsun 240Z used mwishoni mwa miaka ya sabini na mpaka leo ipo nje chini ya turubai la plastiki. Kila mgeni akija anaambiwa hii ndo iliyoshinda Safari Rally. Sisi watoto tunaona anatia chumvi. Pia tunataka kujua kama injini ni ya kwake na kama inaweza kuwaka tena. — Binti wa Datsun

Marahaba binti yangu. Nendeni mkamwombe baba radhi. 240Z ilishinda Safari Rally ya 1971, dereva Edgar Herrmann na msoma ramani wake Hans Schüller, halafu ikashinda tena 1973 na Shekhar Mehta akiwa na Lofty Drews. Na ile ya 1973 ilikuwa balaa maana Mehta alimaliza amefungana pointi na Harry Källström, naye alikuwa kwenye Datsun, ikabidi waangalie nani alikwenda mbali zaidi bila kupoteza pointi ndo wakampa Mehta. Hapo kabla, 1970, Herrmann alikuwa ameshachukua na Datsun nyingine, ile 1600 SSS. Sasa gari ya baba kwa hakika siyo ileile iliyoshinda, lakini ni ndugu yake wa damu, na kijana wa miaka ile aliyeona zile gari zimepakwa tope mpaka kwenye paa akaenda kutafuta yake used, mimi namwelewa sana.

Injini. Fungua boneti, kuna kibati cha namba, na namba ya chasisi imegongwa pia kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na abiria. Usukani ukiwa kulia inaanza na HS30, ukiwa kushoto HLS30. Kisha tafuta namba kwenye blok yenyewe, upande wa kulia, futa grisi vizuri na mafuta ya taa na brashi. Inatakiwa isome L24 halafu namba zake, hiyo ndo silinda sita za mstari, cc 2393. Ukikuta L28 basi kuna mtu aliibadilisha akaweka ya 280Z, jambo walilofanya wengi kwa sababu inaingia bila ugomvi na ina nguvu zaidi. Siyo dhambi, ila ujue.

Sasa lile turubai nakuomba litoe leo. Plastiki inafungia unyevu ndani, gari inaoga mvuke usiku kucha na asubuhi, bora ingelowa mvua ikakauka na jua. Itafutieni paa, au kava la kitambaa linalopumua. Hizi Datsun chuma chake kilikuwa chembamba na kinga ya kutu ya miaka ile ilikuwa ya kubahatisha, kwa hiyo angalieni sakafu, zile reli zilizoko chini ya sakafu, chini ya mlango wa nyuma, na hasa chini ya betri, pale asidi ya miaka imedondoka itakuwa imekula bati.

Kuwaka inaweza, lakini asije kijana yeyote akafunga betri mpya na kustata, hapo ndo mtaua kilicho hai. Petroli ya zamani itolewe yote, tanki lioshwe. Plagi zitoke, mtie oili kidogo kila silinda, iache ilale, halafu muizungushe injini kwa mkono na spana kwenye puli ya mbele. Ikizunguka laini ndo muongee habari za betri. Mipira yote ya mafuta na ya breki badilisheni hata kama inaonekana mizima. Matairi pia, haijalishi kashata zake zimebaki kiasi gani.

Na kabla ya yote hayo, mkalisheni baba chini, simu ikiwa inarekodi, awaambie aliinunua kwa nani, mwaka gani, ilikuwa rangi gani, alibadilisha nini, aliigonga wapi. Risiti hata zilizoliwa na mende ziwekeni kwenye faili. Anayejua hiyo gari ilikotoka ni yeye tu, na siku mkitaka kuiuza au kuitengeneza vizuri, hilo faili litawasaidia kuliko rangi mpya.

SWALI: Mzee nimeona Jaguar E-Type inauzwa, muuzaji anasema "namba zote zinaoana". Ni maneno ya dalali au kuna ukweli? — Mwenye Ndoto

Kuna ukweli unaopimika. E-Type ilizinduliwa kwenye maonyesho ya magari ya Geneva 1961 na injini ya lita 3.8, 1964 ikaja 4.2, 1971 wakaweka silinda kumi na mbili. Ndani ya boneti kuna kibati chenye namba nne: chasisi, injini, bodi na giaboksi. Wewe unazilinganisha na zile zilizogongwa kwenye vyuma vyenyewe. Kisha unaomba cheti kutoka Jaguar Daimler Heritage Trust, wao wana kumbukumbu za kiwanda, watakwambia ilitoka na namba gani, rangi gani na ilipelekwa wapi. Kwa MG na ndugu zake cheti cha namna hiyo kinatoka kwa wahifadhi wa kumbukumbu kule Gaydon, Uingereza. Muuzaji akikasirika ukiomba kufanya hivyo, jibu umepata bila kulipia cheti.

Ila kibati kinaweza kutengenezwa kipya, tena vinauzwa, kwa hiyo angalia skrubu na ripiti zake, kama kibati ni cha 1963 na ripiti zinang'aa, uliza. Na uvunguni mbele, E-Type injini yake imebebwa na fremu ya mabomba membamba, yanaoza kwa ndani ambako huoni na yale ya mbele kabisa yanapindishwa na watu wanaoweka jeki pasipo pake. Chukua tochi ukalale chini. Usinunue E-Type ukiwa na suruali nyeupe.

SWALI: Mzee mwenzangu, salaam. Acha kuwadanganya watoto. Mimi nilikuwa na Triumph Spitfire, nilinunua mkono wa pili, ilinilaza njiani kiasi kwamba nilikuwa natembea na blanketi. Taa zinazima zenyewe, mvua ikinyesha haiwaki, kona ukikata vibaya mkia unataka kutangulia. Hizo gari zilikuwa mbovu toka kiwandani, mnazisifia kwa sababu mmezeeka. — Mstaafu

Waaleikum salaam mwenzangu, nimecheka sana hapo kwenye blanketi. Tumezeeka hilo halina ubishi. Lakini hebu tugawane lawama vizuri.

Mkia nakubaliana na wewe asilimia zote. Spitfire za mwanzo ekseli ya nyuma ilikuwa ile ambayo ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona tairi linajikunja kuingia ndani, na gari inageuka kukuangalia. Walirekebisha zile za kuanzia Mk IV, yaani toleo la nne. Kama yako ilikuwa ya kabla ya hapo basi kuishi kwako mpaka leo kunaonyesha udereva wako.

Umeme nitabisha kidogo. Kila mtu anamtupia Lucas, kampuni iliyotengeneza vifaa vya umeme vya gari nyingi za Kiingereza, mpaka wenyewe Waingereza wakamwita mkuu wa giza. Ila sisi tulikuwa tunazinunua zikiwa na miaka kumi, kumi na tano, viungio vya waya vimeota ukungu wa kijani, waya wa ardhi umefungwa kwenye bati lenye kutu, na wenye gari watatu wa mwanzo kila mmoja kaongeza redio na taa za ukungu kwa waya wake na selotepu. Kwenye MGB yangu betri zilikuwa mbili za volti sita, zimewekwa nyuma ya viti chini ya kapeti, huzioni, kwa hiyo hakuna aliyekuwa anaziongeza maji. Mtu anaiua betri kwa kiu halafu anamlaumu Lucas. Nilisafisha kila sehemu ya ardhi kwa msasa, nikapaka grisi, na taa zikaacha kunikonyeza. Mvua ndo sikuiweza, hapo nakupa pointi. Lile turubai la juu lilikuwa linavuja palepale kwenye goti la kulia.

Kwamba zilikuwa bora kuliko gari za sasa sijasema na sitasema. Ila Spitfire ukifungua boneti inainuka yote na madigadi yake kwenda mbele, unakaa juu ya tairi unatengeneza injini kama uko kwenye kiti. Gari gani ya leo inakupa heshima hiyo?

SWALI: Injini hizi zilitengenezwa kwa petroli ya risasi, ambayo haipo tena. Zitakufa? — Fundi Mwanafunzi

Hazitakufa kesho. Ile risasi, madini yaliyokuwa yanatiwa kwenye petroli, ilikuwa inalinda siti za valvu, yaani pale valvu zinapokalia, zisilike. Nchi ya mwisho kuacha kuuza petroli yake kwa magari ilikuwa Algeria, 2021, kwa hiyo hilo limeshapita. Ukifungua silinda hedi kwa kazi nyingine, weka siti ngumu, hapo umemaliza. Mpaka wakati huo endesha kistaarabu, usiikamue kwenye spidi kubwa masaa na masaa, na pima uwazi wa valvu mara kwa mara, ukiona unapungua ujue zinalika. Mimi naogopa zaidi petroli yenye ethanoli, ile inalainisha mipira ya zamani mpaka inachuruzika juu ya ekzosi ya moto. Badilisha mipira yote iwe ya aina inayohimili ethanoli, hiyo ifanye kabla ya kununua hata kava la usukani.

SWALI: Kwa mtu anayeanza, si bora tu anunue Mazda MX-5 used aachane na mateso?

Bora. MX-5 ilizinduliwa 1989 na waliitengeneza kwa kuiangalia Lotus Elan, injini mbele, tairi za nyuma zinasukuma, nyepesi, paa linafunguka, ila inawaka asubuhi. Zile za kwanza sasa hivi ziko umri mkubwa kuliko MGB yangu ilivyokuwa nilipoinunua, kwa hiyo kijana wa leo anayenunua MX-5 ya 1990 anafanya kilekile tulichofanya sisi. Sumaku bado aende nayo, zinaoza palepale chini ya milango, hasa mbele ya tairi la nyuma, mara nyingi kwa sababu tundu za kutolea maji ya paa zimeziba majani.

SWALI: Mita inasoma maili 41,000 kwenye MGB ya 1971. Niamini? — Mnunuzi Mwoga

Mita yake ina tarakimu tano za maili, ikifika 99,999 inarudi sifuri, kwa hiyo inaweza kuwa 41,000 au 141,000 au zaidi na mita ikawa haijadanganya. Angalia mpira wa pedali ya klachi kama umelika upande mmoja, angalia kiti cha dereva kilivyobonyea ukilinganisha na cha abiria, shika mlango wa dereva ukiwa wazi uunyanyue juu na chini uone bawaba zinavyocheza. Pedali zikiwa mpya kabisa na kiti kimechoka, muulize kwa nini alibadilisha pedali, halafu nyamaza umsikilize.